Vidole Viwili vya Ulegevu

Ulianza kwenye kona ya juu ya Oni,
insulini ya mzee Gerasime ikiwa ndani ya kikapu cha mayai.
Nilikata kulia, gari likafikiri kwanza.

Si sana. Vidole viwili vya usukani
vilipita bure, kama swali kwa mtu mwenye usingizi,
ndipo magurudumu yakaitika.

Niva hii ni ya marehemu baba.
Aliileta mwaka wa themanini na sita, rangi ya maziwa;
sasa ina rangi ya kila kitu kilichowahi kuigusa.

Anzori, fundi wa darajani, hakuinama hata kidogo.
"Boljointi," akasema, akitema maganda ya alizeti.
Nikanunua boljointi.
Mwezi uliofuata akasema ncha za tairodi.
Nikanunua.
Akasema alaimenti, akasema barabara, akasema
wanawake hushika usukani kama wanakamua nguo.
Hapo nikaacha kununua.

Jumapili ya Machi, paa likidondosha theluji yake,
nikatandika gunia uani.

Nilianza na kisicho na gharama: upepo.
La mbele kushoto lilipungua. Nikalijaza.
Gari likaacha kuvuta upande,
ulegevu ukabaki pale pale.

Jeki. Nikalishika gurudumu saa sita na saa kumi na mbili,
nikatikisa: kimya. Beringi hazina neno.
Saa tatu na saa tisa:
tok.
Mbali, kama mtu anayebisha mlango wa jirani.

Mimi ni muuguzi. Goti likilalamika
napapasa nyonga pia.

Lakini huwezi kuwa juu na chini kwa wakati mmoja.
Gari la namna hii linataka watu wawili,
mmoja wa kuuliza, mmoja wa kutazama jibu.
Nikashusha jeki, magurudumu yakanyage ardhi,
nikamwita mama.

Nazibrola hakuwahi kukaa upande ule.
Miaka thelathini na minne alikaa kulia,
mkoba magotini, mkono mmoja kwenye kishikio cha juu.
Alikung'uta viatu kabla ya kuingia.
"Nikae hapa?"
"Ni kiti tu, mama."

Kushoto kidogo. Kulia. Kushoto tena.
Chini, nilipeleka kidole kiungo kwa kiungo;
kiungo kikilegea, kidole hujua kabla ya jicho.
Tairodi nzima, na grisi yake niliyoilipia.
Fimbo ya kati nzima.
Mkono wa pili, ule unaosahauliwa na wote, mzima.
Nikafika kwenye sanduku la usukani, nikaliwekea kiganja.

"Kushoto, mama."

Sanduku likaja.
Lote. Boliti zake tatu zimekaza barabara;
kilichotembea ni ukuta uliozishika,
bati la bodi, limepasuka kutoka tundu hadi tundu,
mstari mwembamba wa kutu
ukifumbua na kufumba mdomo
kila alipozungusha.

Kumbe vile vya zamani nilivyovitupa
havikuwa na kosa.
Vilisukuma walivyoagizwa na mkono.
Havikuwa na pa kuegemea.

Nilikaa chini humo zaidi ya ilivyolazimu,
tone la theluji likiniingia kwenye kola.
Kesho nitamfuata mchomeleaji wa Ambrolauri,
aje na kipande cha chuma kinene, asije na maoni.
Hadi hapo, insulini ya Gerasime
itapanda mlima kwa miguu yangu.

"Umeona?" mama akauliza.
"Nimeona."

Hakuacha. Kushoto hadi mwisho,
kulia hadi mwisho, matairi yakisaga kokoto,
upana ambao sikumwomba.

"Ni mzito," akasema, pumzi zikimkata.
"Otari hakuwahi kuniambia
kwamba ni mzito hivi."